Mpira wa Dirishani

Bi Kerubo alipohama Langalanga kurudi Keroka
alipakia kitanda, jiko, kuku wawili wenye hasira,
akaniachia mlangoni mti ndani ya ndoo ya rangi,
majani manene, yanang'aa kama viatu vya afisa.
"Huu ni mpira," akasema. "Usiunyweshe kwa huruma."
Lori likaondoka. Sikuuliza maana.

Mimi ni mtu wa huruma.
Asubuhi kikombe, jioni kikombe,
na Jumapili, kwa kuwa ni Jumapili, birika zima.
Wiki ya tatu jani la chini likageuka manjano
likaanguka sakafuni kwa sauti ndogo,
sauti ya barua inayopenyezwa chini ya mlango.
Kesho yake la pili. Kisha la tatu.
Nikaongeza maji.

Nilipoinamisha ndoo ndipo nikajua haina tundu.
Mizizi ilikuwa ikioga tope.
Nikapasha msumari jikoni, nikatoboa mara tano,
maji meusi yakatiririka hadi ukumbini kwa mwenye nyumba,
naye akapanda ngazi kuniuliza
kama nimeanza kufuga mamba.

Tangu hapo natumia kidole.
Nakizamisha udongoni hadi kiungo cha pili:
kikirudi na unyevu, naenda zangu;
kikirudi kikavu, kikombe kimoja, basi.
Ni vigumu, jamani, kusimama na maji mkononi
mbele ya kiumbe usiyejua lugha yake
ukaamua kumnyima.

Halafu kingo zikaanza kuungua,
mstari mwembamba wa kahawia,
kama aliyekunywa uji akasahau kufuta mdomo.
Nikautazama. Nikaenda kwenye kioo, nikafungua kinywa,
kinywa nisichokifungua kwenye picha,
nikaona rangi ile ile.
Ndiyo maji ya visima vya Nakuru:
mtoto huyanywa kabla hajajua kuchagua,
na meno ya pili yanaota na chai ndani yake.
Tumenyweshwa kisima kimoja, mimi na mti huu.
Sasa mvua ikinyesha naweka karai chini ya bati,
naye (siku hizi namwita *yeye*) anakunywa wingu,
mimi nabaki na bomba.
Kwangu yalikwisha mwagika, hayazoleki.

Januari upepo hushuka kutoka Menengai
ukaleta vumbi hadi ndani ya sukari.
Jumamosi basi ni siku ya kumfuta:
kitambaa chenye maji, kiganja chini ya jani
kama anayeshika shavu la mgonjwa.
Kisha nazungusha ndoo robo,
kwani huliinamia dirisha
kama mtu anayesikiliza ugomvi wa majirani.
Niliwahi kumvunja jani kwa kiwiko.
Alitoa maziwa meupe, mazito,
yakaniwasha mkono siku mbili. Haki yangu.

Na juu kabisa, pale, ikatokeza ncha nyekundu,
kali, imejisokota.
Siku tisa niliingoja. Siku ya kumi niko kazini,
ndipo ala ikadondoka, kavu, ganda la peremende,
na jani likafunguka bila shahidi:
jepesi, rangi ya shaba, halina kovu hata moja.

Khisa, mtoto wa chumba namba nne, anataka kujua
mti utazaa mipira lini.
"Ya ngozi ama ya nailoni?" nikamuuliza.
"Ya ngozi."
"Basi ngoja vuli."
Anangoja. Yeye ndiye msimamizi wa karai.

Jana Bi Kerubo alipiga simu.
Hakuniamkua. "Bado yuko hai?"
"Nani? Mti ama mimi?"
"Yeyote," akasema, "atakayenijibu."
Nikacheka hadi Khisa akayaona meno yangu yote.
Akayatazama kidogo,
akarudi kuchungulia mbingu.